Simu za kazi zibaki za kazi
Wenye biashara ndogo wenzangu, hili nalisema kwa moyo wote: sajilini laini za kazi kwa jina la kampuni, si kwa kitambulisho cha mfanyakazi. Hapa kwetu Mwanza kijana wetu wa mauzo alipata kazi kwingine mwezi uliopita. Alikabidhi simu, akaaga vizuri, na wateja wakaendelea kupiga namba ileile, wakapokelewa na dada aliyeshika nafasi yake. Hatukupoteza hata mmoja. Mteja akishazoea namba, huwezi kumwambia kila mwaka aandike nyingine!

Simu mpya ikifika, kabla haijatoka ofisini tunabonyeza *#06#, tunaandika IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yenyewe, kwenye daftari, na anayekabidhiwa anatia saini. Ikiibiwa, polisi wataiulizia namba hiyo. WhatsApp tumeiwekea uthibitishaji wa hatua mbili, PIN anakaa nayo msimamizi. Malipo ya wateja yanaingia kwenye lipa namba ya duka, hivyo simu ikidondoka njiani mauzo hayamo ndani yake.

Bando tunanunua la mwezi. Madereva wetu wa bodaboda tumewapa vitochi, zile simu ndogo za vitufe, vinawatosha kabisa, na chaji inakaa.