Huu mlango unafungukia wapi?

Nimejilaza toka saa nne, usingizi wapi. Wiki yenyewe ilikuwa nzito, dada kajifungua salama Jumanne (wa kike, nitaandika siku nyingine), ofisini tumefunga hesabu za mwaka, kaka kahama hatimaye, lakini mimi kichwani nina kitu kimoja tu nacho ni mlango. Mlango wa chumba cha pili, juu ghorofani, kwenye ile ramani ya nyumba niliyokuwa nawaambia naichora usiku usiku.

Mnakumbuka mjomba aliahidi kunipeleka kwa rafiki yake msanifu majengo kabla sijajaza fomu za chuo za kusomea usanifu. Basi tulienda Jumamosi. Nilibeba kazi ya wiki tatu, nimepaka rangi za maji, miti na vivuli vyake, hadi watu wawili wadogo nikawachora wamesimama barazani. Mzee akaitandaza mezani, akabana pembe kwa vikombe, akakaa kimya mpaka nikawa nasikia saa ya ukutani. Halafu akachukua kalamu, hata kifuniko hakukitoa, akaigusa sehemu moja.

"Mwanangu, huu mlango unafungukia wapi?"

Nikasema, "Ndani."

"Ndani kuna kitanda."

"Basi utafungukia nje, mzee."

"Nje kuna ngazi."

Hakuongeza neno. Hakukunja uso wala nini, akaikunja ramani yangu taratibu kuliko nilivyoikunja mimi, akanirudishia, wakaendelea na mjomba habari za goti lake.

Nimeyarudia hayo maneno kwenye gari, bafuni, katikati ya kufunga hesabu. Nje kuna ngazi. Na kila nikiyarudia namuona mtu anatoka chumbani usiku, macho bado yana usingizi, anasukuma mlango na hatua ya pili anakanyaga hewa. Wale wawili wa barazani niliwachora hadi vidole, huyu wa chumbani sikumuwaza hata mara moja, na ndiye anayelala mle! Kinachoniuma zaidi ni kwamba alama ya mlango naijua, ni mstari mmoja na robo duara kuonyesha bawa linavyozunguka, mlango wa sentimita 90 unataka sentimita 90 za sakafu zikae wazi, hakuna siri hapo. Mimi niliacha pengo tupu kwa sababu zile robo duara ziliniharibia mchoro. Ndo ukweli wenyewe.

Kabla ya hapo mzee alikuwa ametueleza mengi kuhusu masomo. Kwamba sehemu nyingi ni kama miaka 5, halafu bado unafanya kazi chini ya wengine kabla hujaruhusiwa kutia sahihi michoro yako mwenyewe. Kwamba unasimama mbele ya walimu na modeli uliyokesha unaikata kwa maboksi na gundi, wanaipitia mbele ya wenzako wote, na unaambiwa rudia. Kwamba mahesabu ya nguzo na zege kwa kawaida injinia anayabeba, ila wewe lazima uelewe uzito unashukia wapi, la sivyo kila siku atakuwa anakurudisha. Hesabu hazinitishi. Kaka alivyoniambia uhasibu wangu hautanisaidia kitu huko nikamjibu Zaha Hadid, yule msanifu majengo maarufu, alianza na hisabati Beirut ndo akaenda London kusoma usanifu, akanyamaza.

Kinachonitisha ni mimi mwenyewe. Mi ni mtu wa kukaa peke yangu, mnanijua, naweza kumaliza siku nzima na karatasi zangu na nikafurahi, sasa hii kazi ni kuongea toka asubuhi, mwenye nyumba anataka hiki, injinia anakataa, fundi yuko saiti anakusubiri useme neno. Na nikikosolewa nakaa nalo, kama hivi. Mlango mmoja, siku sita! Huko ntakosolewa kila wiki kwa miaka mitano, si ntaugua? Halafu nawaza Jørn Utzon, yule wa jumba la opera la Sydney, alishinda shindano 1957, wakavurugana na serikali, akaondoka 1966, jengo likafunguliwa 1973 na hakurudi tena kuliona kwa macho yake mpaka anafariki. Hilo linanitoa machozi kabisa. Kubuni kitu kile halafu usiingie ndani yake hata siku moja.

Kufika Alhamisi nilikuwa nimeshaamua kuachana nayo. Fomu nikaiweka chini ya kitabu.

Usiku huohuo bibi akawa anapanda ngazi kwenda kulala, mimi niko nyuma yake nimembebea shuka. Kuna sehemu, karibu anamaliza, huwa anashika ukuta. Miaka yote anashika palepale, rangi imetoka pakawa na doa jeusi linaloteleza, ukubwa wa kiganja chake. Sote humu ndani tunamwambia kila siku bibi angalia unapokanyaga, bibi macho yako, bibi vaa miwani. Nikamfunika, nikashuka kuchukua tepu ya kupimia.

Nilipima vipandio vyote, nimepiga magoti na tochi ya simu mdomoni. Sentimita 17, 17, 17, vyote 17, vina upana wa 28 sehemu ya kukanyaga. Kuna kanuni inatumika tangu karne ya 17, ya Mfaransa François Blondel, unachukua kimo cha kipandio mara mbili unajumlisha na upana wake, ikija kati ya 60 na 65 hivi mguu unapanda bila kufikiri. Ngazi zetu zinakuja 62. Nzuri kabisa. Nikafika kile cha doa.

19 na nusu.

Nikapima tena nikidhani nimekosea. 19 na nusu. Mguu umeshajifunza 17, unanyanyuka kwa 17, ncha ya ndala inagonga. Macho ya bibi hayana kosa lolote! Miaka yote tumekuwa tunamlaumu mtu kwa sentimita 2 na nusu ambazo fundi hakuzigawa toka chini. Nilikaa pale kwenye ngazi nikaweka mkono wangu juu ya lile doa, sijui nilikaa muda gani, moyo unanienda mbio kama nimeokota kitu. Ofisini hivyohivyo, senti zisipowiana silali mpaka nizipate, nilikuwa naona ni ugonjwa wangu tu.

Niliporudi chumbani nikafungua ile picha niliyoiweka kwenye skrini ya simu toka mwaka jana, shule ya Gando kule Burkina Faso, ya Francis Kéré, yule aliyeanza na useremala na akapewa tuzo ya Pritzker 2022, ile kubwa ya wasanifu majengo duniani. Aliijenga akiwa bado mwanafunzi, ikaisha 2001. Niliipenda kwa lile bati linaloelea juu, basi, nikaona ni mtindo. Sasa bati limenyanyuliwa vile ili joto lipande lipitie matundu ya dari na litoke, kwa sababu yeye mwenyewe alisoma kwenye darasa la joto na giza. Nilikuwa naiangalia kila siku na watoto wa mle ndani sijawahi kuwawaza.

Nimechora upya chumba cha pili mara nne. Kitanda nimekisogeza ukuta wa dirisha, mlango unafungukia ndani na unalala ukutani bila kugusa kitu, ngazi nimeziacha sentimita 120 za kusimama kabla hujaanza kushuka. Robo duara zote nimezichora. Mchoro ni mbaya kidogo kuliko ule wa kwanza, miti nimeitoa. Jumamosi namuomba mjomba anipeleke tena, mzee akiuliza kingine nije nacho nyumbani siku sita zingine. Fomu nimeitoa chini ya kitabu, bado sijaijaza, ila nimeandika jina.

Saa saba hii dada katuma picha ya mtoto. Mzuri jamani, ila nikiikuza naona kama macho yake yana unjano, sijui ni taa ya kile chumba. Nimempigia mara mbili, simu inaita tu.