Siku moja ya kuhesabu viota vya yangeyange kwenye mikoko ya Pemba

Saa 10 alfajiri. Jedwali la maji kujaa na kupwa kwanza, kisha mbingu. Siku nzuri ni ya tatu baada ya mwezi mpevu: maji hujaa karibu saa 12 asubuhi, na mtumbwi unaingia horini, mkono wa bahari ndani ya mikoko, kwa upondo, bila mashine. Mvua ikitanda tunaahirisha, maana kifaranga asiye na manyoya akiloa, mama hayupo, baridi humuua. Hori lenyewe hatulitaji. Mayai yakijulikana yalipo huokotwa.

Saa 12:15. Tunasimama mbali kidogo, kimya, tukitazama kwa darubini nani ameatamia kiota kipi. Wengi huruka hatua hii, na hesabu huharibikia hapo. Mayai ya yangeyange na ya jamaa zake karibu yote ni ya buluu-kijani iliyopauka. Ndege akisharuka, yai halisemi ni la nani. Tena yangeyange wa pwani yetu wapo weupe na wapo wa kijivu kilichokoza, na wote ni ndege mmoja. Ukiwaandika aina mbili, umekosea.

Saa 12:30. Mmoja upondo, mmoja kioo cha kuchungulia viotani, kilichofungwa kwenye ncha ya mwanzi, mmoja daftari. Mti uliohesabiwa unafungwa kitambaa chenye namba. Mayai 2 hadi 4 ni kawaida. Vifaranga huanguliwa kwa kupishana siku, hivyo mkubwa na mdogo hukaa kiota kimoja, na chakula kikipungua mdogo ndiye anayekufa. Kifaranga akitishika hutapika samaki wake: mlo umepotea. Walioanza kutembea matawini hatuwasogelei kabisa. Hujitupa majini, na wengine hawarudi.

Nusu saa, basi. Kinachotutoa ni kunguru wa Bara Hindi, aliyeletwa Zanzibar miaka ya 1890. Mama akiruka, yeye anashuka kwenye yai. Wakitua wawili tu tunaondoka, hata kama viota vimebaki, na sehemu iliyoachwa inaandikwa "haikuhesabiwa". Kuandika sifuri hapo ni kusema uongo.

Saa 2. Tuko nje ya hori. Maji yanatoka, na yai lisilofunikwa juani huharibika.

Saa 11:30 jioni. Kutoka ufukweni tunahesabu wanaorudi kulala, hadi giza. Humo wamo wasio na viota, kwa hiyo idadi hii ina ukurasa wake, na haijumlishwi na ya asubuhi.