Jirani wa ruta aliyekuwa akipotea maji yakijaa

Mimi nashughulikia intaneti hapa Lamu, tuna redio mbili zavuka maji, moja yatoka Mokowe moja kwa moja mpaka mlingoti wetu wa mjini, nyingine yazungukia Manda hiyo ndo ya akiba, zote zaendesha OSPF, ile lugha ya ruta kuambiana njia ipi iko hai wapitishe data humo. Mwezi uliopita wenye gesti Shela wakaanza kunipigia, net yakatika karibu dakika nzima alafu yarudi yenyewe, kila siku.

Naingia kwa ruta naona poti iko juu, taa ya kijani yawaka. Hapo nlipoteza siku mbili. Ile poti imeshikana na redio kwa kebo ya mita 12 tu, sasa kebo ikiwa nzima ruta yaona mambo salama hata kama mawimbi ya redio huko juu ya bahari yamekufa kitambo. Ruta itajua tu zile helo, salamu fupi za OSPF, zikikosa kufika, na helo hutumwa kila sekunde 10, jirani, yaani ruta ya upande wa pili, husubiriwa sekunde 40 ndo ahesabiwe kafa, na muda huo wote paketi za watu, vile vipande vya data, zapotelea majini.

Na hiyo ya akiba mbona haikamati? Kutazama orodha ya majirani, wa Manda amekwama ExStart, hatua ya mwanzo ya kupatana, hajafika Full, yaani ujirani uliokamilika, hata siku moja. Nikakimbilia MTU, kile kipimo cha paketi kubwa kabisa inayoruhusiwa kupita, huku baiti 1500 kule mtu kaweka 1480, na ruta yenye MTU ndogo hukataa paketi za mwenzake aliyetangaza kubwa. Nikasawazisha, papo hapo akawa Full. Iliniuma sana, miezi yote ile twajua tuna njia ya pili kumbe hatuna.

Nikawasha BFD, hiyo kazi yake ni kuulizana "upo?" mara nyingi ndani ya sekunde moja, jibu likikosa inaiambia OSPF hapo hapo. Kwa haraka nikaweka milisekunde 50 mara 3, yaani tatu zikikosa mfululizo jirani kafa, ikawa balaa, redio ikipepesa kidogo jirani aanguka, ainuka, aanguka, usiku kucha. Nikapandisha 300 mara 3, yaani milisekunde 900, kukatulia.

Lakini redio yenyewe yafa kwa nini? Nikaandika saa kwenye daftari, leo saa 10 jioni, kesho saa 10 na dakika 40, kesho kutwa 11 na 20. Aliyelelewa na maji haya hahitaji kuambiwa, saa zasogea kama maji yanavyosogea, ni bamvua, yale maji makuu! Maji yakijaa juu kabisa mawimbi ya redio yagonga uso wa bahari yarudi kuua yale yaliyonyooka. Tukashusha antena ya huku mita moja na nusu.

Bamvua iliyofuata nlikaa darini na laptop toka alasiri, maji yakafika ngazi za gati, signo ikashuka kidogo tu, jirani wa Mokowe kabaki Full. Nikazima redio yake makusudi. Pingi moja, ule ujumbe mdogo wa kujaribu njia, ikapotea, zilizofuata zikapita Manda.