Kabati moja, skana tatu na saini isiyo na mwenyewe

"Tumia simu tu, mbona rahisi." Hilo ndilo jibu nililopewa na kila niliyemuuliza nitaskani kwa kitu gani, siku nilipoambiwa kabati la masjala liondoke na vilivyomo vihamie kwenye kompyuta. Nikatumia simu. Karatasi ya kwanza ilitoka vizuri, ya kumi si haba. Kufika ya arobaini shingo imekakamaa, kivuli cha mkono kimekaa juu ya maandishi, na kila ukurasa umeinama upande wake. Mpaka leo lipo faili moja ambalo kidole gumba changu kinaonekana kwenye pembe ya kurasa sita mfululizo, na kucha sijakata. Simu inafaa kwa kitambulisho, au risiti moja unayotaka kumtumia mtu sasa hivi. Kabati lenye karatasi elfu tano na ushee, nyingi zimeandikwa mbele na nyuma, ni habari nyingine.

Kijana wetu wa kompyuta akaja na ushauri wake: "Tafuta skana yenye DPI kubwa, hata 4800." (DPI ni idadi ya nukta ambazo mashine inasoma kwa kila inchi.) Nikaazima skana bapa ya ofisi ya pili, ile unayoinua mfuniko na kulaza karatasi juu ya kioo. Nikaiweka nukta 1200 kwa inchi nikidhani naitendea kazi haki. Karatasi moja ilichukua muda hadi nikaenda kunywa maji nikarudi, na faili lilipotoka, kompyuta ikaanza kuhema. Baadaye ndipo nikakaa na kikokotoo. Karatasi ya A4 kwa nukta 300 ni takriban nukta 2480 kwa 3508, na kwa rangi, kabla ya kubanwa, ni kama megabaiti 26. Ukipanda hadi 600 faili halikui mara mbili, linakua mara nne, maana nukta zinaongezeka kwa upana na kwa urefu. Hadi 1200 ni mara kumi na sita. Kwa barua iliyopigwa chapa! Mtu akisoma barua ile hatapata neno hata moja ambalo hakuliona kwenye 300. Tena namba kubwa inayoandikwa kwenye boksi wakati mwingine ni nukta za kujazia zinazotungwa na programu. Utakayoiamini ni ile inayosomwa na kihisi chenyewe, yaani jicho la mashine. Mimi maandishi nayapiga 300, picha za zamani 600, basi.

Lakini hata kwa 300, skana bapa kwa kazi ile ilikuwa adhabu. Inua, laza, funika, ngoja, inua, geuza. Pande elfu kumi, kila moja nusu dakika, ni zaidi ya saa 80, na hapo hujapiga chafya. Tatizo langu, kumbe, lilikuwa ni jinsi karatasi zinavyoingia, na katika washauri wangu wote hakuna aliyeniuliza nina karatasi ngapi.

Nikanunua ya trei, ile inayovuta karatasi yenyewe moja baada ya nyingine. Nilichagua ya upande mmoja kwa sababu inayosoma mbele na nyuma kwa mkupuo ilikuwa karibu mara mbili ya bei, na mimi nilikuwa na ujanja wangu. Ujanja wenyewe ni huu: unapitisha rundo zima upande wa mbele, unaligeuza lote jinsi lilivyo, unapitisha nyuma. Kurasa za nyuma zinatoka kinyumenyume, kuanzia ya mwisho. Halafu programu inazipindua na kuzichomeka moja moja katikati ya zile za mbele. Nilipoona imekubali kwenye faili la kwanza nilitembea korido nzima kifua mbele. Nusu ya bei, kazi ileile! Nikamwonyesha hadi bosi.

Faili la tatu lilikuwa na fomu 64. Mbele jina na maelezo ya mtu, nyuma saini yake. Nikapitisha mbele, nikageuza, nikapitisha nyuma, nikachanganya, nikahifadhi, na kwa furaha yangu nikazitupia karatasi kwenye gunia la kuchanwa. Siku ya pili dada wa uhasibu akaniita, uso hauna tabasamu. "Kaka, huyu bwana mbona amesaini kwa jina la kike?" Nikacheka, nikasema labda mkewe alimsainia. Akafungua inayofuata. Huyo naye kasainiwa na mtu wa fomu iliyotangulia. Na anayefuata vilevile. Kuanzia fomu ya kumi na mbili hadi mwisho, kila mtu alikuwa amesainiwa na jirani yake, na mwishoni kabisa ikabaki saini moja peke yake, haina mwenyewe.

Fomu ya kumi na ya kumi na moja zilikuwa zimegandana, zikapita pamoja wakati wa mbele. Picha za mbele 63, za nyuma 64. Programu haina kosa, ilichomeka ilichopewa. Mwenye kosa ndiye huyo aliyepiga magoti kwenye gunia akichambua karatasi za ofisi nzima, na mfagizi amesimama pembeni akiuliza kama nimedondosha pete.

Tangu hapo gunia langu linakaa wiki mbili kabla ya kuchanwa, na hiyo ni kwa karatasi ambazo tuna ruhusa ya kuziharibu. Zenye mihuri na hati halisi zinarudi kwenye boksi hata kama nimeziskani mara tano. Na nahesabu. Mafungu ya karatasi ishirini ishirini, idadi naiandika kwa penseli kwenye kipande cha karatasi ya gundi, na kabla ya kuhifadhi naangalia kama picha ni ishirini kweli. Kabla ya kuliweka fungu kwenye trei nalipepea kama mtu anayehesabu noti, pembe hii na pembe ile, hewa iingie katikati. Hilo la kupepea linazuia mgando kuliko mbinu yoyote niliyowahi kufundishwa.

Mwishowe bosi mwenyewe akasema tununue ya pande mbili. (Ile ya ujanja ipo mapokezi, inapokea barua moja moja, imetulia.) Mpya ina kihisi cha mgando: inapitisha sauti ya juu ambayo sikio halisikii kupitia karatasi, na zikipita mbili, hewa iliyobanwa katikati yake inaipunguza ile sauti, mashine inasimama na kulalamika. Nilidhani nimemaliza shida. Sikujua fomu zetu za zamani zina picha za pasipoti zilizobandikwa kwa gundi. Kwa mashine, picha juu ya karatasi ni karatasi mbili. Ikasimama fomu ya kwanza, ya pili, ya tatu, hadi nikaanza kuitukana. Dawa ni kuzitenga fomu za picha, kuzima kihisi, kupitisha kumikumi, kisha kukiwasha tena. Hapo kwenye kukiwasha tena ndipo watu husahau.

Pini za stepla sina haja ya kuzisema, kila mtu anajua. Ila mstari lazima niusimulie. Siku moja kila ukurasa ukaanza kutoka na mstari mwembamba wa kijivu kutoka juu hadi chini, mahali palepale. Nikawasha na kuzima. Nikafuta programu nikaiweka upya. Nikasafisha kioo kikubwa hadi kikang'aa, mstari upo. Fundi kwenye simu akaniambia taa inakufa, niandae hela. Nikakataa kuamini, nikafungua mlango wa trei na kumulika na tochi. Ndani kuna kioo kingine, chembamba kama rula, na hapo ndipo karatasi hupita ikisomwa. Juu yake palikuwa na doti ya wino mweupe wa kusahihishia, ndogo kuliko punje ya mtama, imetoka kwenye barua ya mtu aliyekosea tarehe. Karatasi inatembea, doti imekaa, kwa hiyo kila mstari unaosomwa una doti palepale, na ndiyo maana inatoka ndefu. Nikaikwangua kwa ukucha, nikapangusa kwa kitambaa laini. Taa iko hai mpaka leo. Rola zinazovuta karatasi nazo zinataka kupanguswa kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, na zinakwisha kama soli ya kiatu. Kabla hujanunua mashine uliza kama rola za akiba zinapatikana.

Ile skana bapa sikuidharau moja kwa moja. Karatasi laini za zamani, ambazo maandishi ya nyuma yanaonekana mbele, zinakwenda huko, na nyuma yake naweka kadi nyeusi badala ya ule mfuniko mweupe. Maandishi ya upande wa pili yanamezwa na weusi. Ukurasa unakuwa na kijivu kidogo, unaongeza mwanga, umemaliza. Risiti za mashine za kulipia zinatangulia kabla ya kitu chochote kwa sababu zinafifia zenyewe kabatini. Na usizipitishe kwenye mashine ya kulaminisha, karatasi ile huandikwa kwa joto. Utapata kipande cheusi kilichohifadhiwa vizuri sana.

Kutafuta jina ndani ya kurasa kunataka programu ya kutambua maandishi. Mimi natumia Tesseract, ni ya bure na ina faili lake la Kiswahili. Kabla sijaliweka ilikuwa inasoma maneno yetu kama mlevi. Tarakimu siiamini, sifuri na herufi O kwake ni ndugu. Vilevile vitabu vya hesabu sivibani sana ili faili liwe dogo. Mwaka 2013 Mjerumani David Kriesel, mtaalamu wa kompyuta, alionyesha mashine za kunakili na kuskani za kampuni ya Xerox zilizokuwa zikibadilisha tarakimu zenyewe, 6 inatoka 8, kwa sababu ya namna zilivyobana picha: maumbo yanayofanana yalihesabiwa kuwa ni kitu kimoja. Ukurasa unaonekana safi kabisa, na ndio ubaya wake. Majina ya mafaili naanza na mwaka, mwezi, siku, yajipange yenyewe.

Kabati limeondoka mwezi uliopita. Juzi kijana wetu wa kompyuta kaja mbio na kitambulisho chake mkononi, anataka kukiskani kwenye mashine yangu mara moja tu. Nilikuwa na fungu la ishirini kwenye trei, nimeshalipepea na kulihesabu. Nikamwambia, "Tumia simu tu, mbona rahisi."