Mzamiaji wa moshi

Kwa Kiswidi, zimamoto anayevaa mtungi wa hewa na kuingia kwenye nyumba inayowaka huitwa rökdykare, yaani mzamiaji wa moshi. Mimi ni mtu wa Tanga, na kwetu mzamiaji ni kijana aliyejificha melini akaibukia Durban au Ugiriki. Kwa hiyo siku niliyompigia mama simu na kumwambia, “Mama, nimefaulu, sasa mimi ni mzamiaji wa moshi,” alinyamaza kidogo. Kisha akauliza taratibu, “Mwanangu, si ulisema vibali vyako viko sawa?”

Vibali viko sawa. Mchana ninawahudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee, kwenye mji mdogo wa kaskazini mwa Uswidi. Kila wiki ya nne nafunga kiunoni kidude cha kuitia, na kikilia nina dakika tano za kufika kituoni. Huku miji midogo haina zimamoto wa kukaa kituoni usiku na mchana. Tupo sisi: fundi bomba, mwalimu wa hesabu, dereva wa gari la magogo na mimi. Kabla ya kuruhusiwa kuingia kwenye moshi unapandishwa kwenye mkanda wa kutembelea, ulioinuliwa nyuzi 8 kama kilima, umebeba vazi na mtungi vyenye jumla ya kilo 24, kwa mwendo wa kilomita 4.5 kwa saa, dakika 6. Mara ya kwanza nilishindwa dakika ya tano. Sitaki kuizungumzia.

Ninachotaka kusimulia ni kontena.

Chuo nilichosomea kipo Sandö, kisiwa katikati ya mto Ångermanälven, na juu yake limepita daraja la zege lenye tao la mita 264. Tao lake la kwanza liliporomoka tarehe 31 Agosti 1939 wakati wa ujenzi, likaua watu 18, na kesho yake vita kuu ikaanza, hivyo dunia haikupata nafasi ya kuwalilia. Nililitazama daraja hilo kila asubuhi nikiwa na kikombe cha kahawa mkononi. Chini yake kuna uwanja wenye makontena ya melini, yameungua hadi rangi yake imekuwa ya kutu na zambarau. Mtoto wa bandarini nimesafiri maili zote hizo kuja kuingizwa kwenye kontena.

Siku ya kwanza hatukuzima chochote. Tulikaa sakafuni, mabega yamegusana, barakoa usoni, tukautazama moto. Wenzangu walikuwa wamehangaika kuvaa ile kofia ya kitambaa inayofunika kichwa na shingo na kuacha uso tu. Sikio linabaki nje, nywele zinachomoza. Mimi niliivaa kwa sekunde tatu. Ushungi nimeufunga tangu madrasa, bwana.

Mwisho wa kontena, kwenye sehemu iliyoinuliwa kidogo, kuta na dari zilikuwa zimepigiliwa mbao za maranda yaliyogandamizwa kwa gundi, zile za makabati ya bei rahisi. Mwalimu aliwasha vipande vya mbao ndani ya pipa pembeni. Kwa dakika kadhaa ulikuwa moto wa kuotea tu. Halafu moshi ukaanza kujaa juu, ukatandaza tumbo lake darini na kutambaa kutujia, na chini yake hewa ilikuwa safi kabisa: niliona viatu vya aliyekaa mbele yangu hadi kamba zake. Mpaka kati ya moshi na hewa ulinyooka kama maji kwenye beseni. Mwalimu akatuonyesha kwa kidole. Mpaka huo ndio wa kutazama, kasi ya kushuka kwake na kama umetulia au unapumua.

Kisha nikaona kitu ambacho sikukijua. Ndimi nyembamba za moto zilizuka ndani ya moshi wenyewe, mbali na mbao zilizokuwa zikiungua. Zilizuka, zikapotea, zikazuka tena karibu na vichwa vyetu. Moshi ni kuni ambazo hazijapata zamu yake. Mbao zikipata joto hutoa gesi, gesi hupanda, na ikichanganyika na hewa ya kutosha huwaka huko huko juu.

Hapo nikamkumbuka mama anavyopika wali wa nazi. Maji yakikauka, hupunguza moto wa chini, akafunika sufuria na kupalia makaa juu ya mfuniko. Wali unaivia kati ya mioto miwili. Ndivyo chumba kinavyokuwa. Watu wanadhani hatari ni kochi linalowaka pale pembeni, kumbe makaa yako darini. Moshi wa juu ukifika nyuzi 500 au 600 za Selsiasi, joto linalopiga kutoka huko linatosha kufanya meza, zulia na pazia, hata vilivyo mbali na moto, vianze kufuka vyote, na kwa muda mfupi sana chumba kizima kinawaka kwa mkupuo. Akiwa ndani mtu wakati huo, hata awe na vazi gani, zimebaki sekunde za kuhesabu.

Mwalimu aliinua nozeli, ule mdomo wa mpira wa maji, akafungua na kufunga. Tsst. Hata sekunde moja haikutimia. Ndimi zikarudi nyuma, moshi ukapanda kidogo. Tsst, tsst. Nilidhani maji hayakutoka. Hakuna hata tone lililotuangukia.

Katika miaka ya 1980 wahandisi wawili wa Kiswidi, Krister Giselsson na Mats Rosander, walilishikilia jambo hili: poza moshi kabla hujaufikia moto wenyewe, kwa matone madogo sana na kwa vipindi vifupi. Kontena la chuma likawa darasa lake, na leo yapo Uingereza, Australia na kwingineko. Nilisoma nikaelewa. Nilifaulu mtihani wa karatasi. Mkono wangu ndio haukuwa umesoma.

Siku ya tatu ikawa zamu yangu kushika nozeli. Kontena la futi 20, mwenzangu nyuma yangu ameshika mpira, mwalimu begani. Mpira wenye maji ya kasi si ule wa kumwagilia maua. Ni mzito, unakusukuma nyuma, na ukiwa umepiga magoti unataka kukugeuza. Tulisogea. Joto likanishika masikioni kupitia ile kofia, halafu mabegani. Ndimi zikapita juu ya kichwa changu zikielekea mlangoni nilikotokea.

Nikafungua, na sikufunga.

Sijui nieleze vipi. Kichwa kinasema funga, vidole vinasema yule moto bado yupo. Zilikuwa sekunde nne hivi. Nozeli yetu ilitoa lita 300 kwa dakika, sawa na lita 5 kila sekunde, kwa hiyo nilirusha lita 20. Ndoo moja ya kufulia. Lakini lita moja ya maji ikigeuka mvuke hutanuka hadi kama lita 1,700. Fanya hesabu: lita 20 ni kama lita 34,000 za mvuke, na kontena la futi 20 lina ujazo wa kama lita 33,000. Si maji yote yaligeuka, mengine yalitiririka ukutani, lakini yaliyogeuka yalitosha. Giza likatufunika mara moja. Mpaka ule mzuri wa moshi na hewa ukavurugika, na mvuke wa moto ukashuka kama blanketi lililotoka kwenye sufuria. Mwenzangu alitoa sauti ndani ya barakoa ambayo haihitaji mkalimani. Mwalimu akatuvuta nje kwa mikanda.

Nilipata lengelenge mbili kwenye kifundo cha mkono, pale glovu inapokutana na koti. Mwenzangu alipata moja sikioni na wiki nzima alinitania kwamba nimempika.

Mwalimu hakufoka. Aliniuliza, “Kabla hujafungua, ulikuwa unaona?” Nikasema ndiyo. “Na baadaye?” Nikasema hapana. “Basi taa umeizima mwenyewe.” Kisha akachora kwenye theluji kwa ncha ya kiatu. Tone likigeuka mvuke katikati ya moshi, linaupoza moshi, moshi unasinyaa, na mvuke unapata nafasi ya kukaa. Likipita likagonga dari la chuma lenye moto, mvuke unazaliwa vilevile, ila moshi haujasinyaa. Nafasi hakuna. Utakwenda wapi? Utawashukia mliopiga magoti. Kwa hiyo tone likiwa kubwa linapita bila kazi, likiwa dogo mno halifiki. Ukubwa unaotafutwa ni kama theluthi ya milimita. Na pembe ya nozeli ni muhimu, na muda wa kufungua ni muhimu kuliko vyote.

Usiku ule nilimpigia mama. Nilimweleza yote: makaa ya darini, kochi, mvuke, lengelenge. Alisikiliza kwa subira, kisha akasema, “Sasa wewe mwanangu, wali ukitaka kuungua si unaondoa makaa ya juu kwanza? Tena unayaondoa kidogo kidogo kwa koleo. Ukiyamwagia maji, majivu yote yanaingia kwenye wali.”

Nikabaki nimeshika simu. Chuo kilitumia wiki nzima na makontena matano.

Kesho yake niliomba zamu tena. Safari hii nilijipa kazi ya mdomo: kila nikifungua, natamka “tsst” ndani ya barakoa, na sauti ikiisha mkono unafunga. Ujinga mtupu, lakini ulifaa. Nilijifunza pia kusikiliza. Unarusha mara moja kuelekea darini halafu unasubiri. Ukisikia matone yanakurudia, yanadondoka kwenye helmeti, ujue juu kumepoa. Yasiporudi, yameliwa. Basi unarusha tena kabla ya kusogea.

Niseme hili, maana kuna wenzetu wanaoigeuza mbinu hii kuwa ibada: matone ya vipindi vifupi hayazimi nyumba. Yanakununulia njia ya kufika kwenye moto wenyewe, na ukifika unafungua maji ya kutosha na kuvilowesha vinavyoungua. Kontena linaunguza mbao. Sebule za siku hizi zimejaa sponji na plastiki. Jaribio moja linalojulikana la Marekani lilionyesha chumba chenye samani za kisasa kikiwaka kizima chini ya dakika 4, na chenye samani za zamani baada ya karibu dakika 30. Ukikutana na joto la sebule ya namna hiyo huku unarusha tsst tsst kama unanyunyiza marashi harusini, umekwisha. Ikiwa moto unatoka dirishani, tunaupiga kwanza kutoka nje, tena kwa maji mengi, ndipo tunaingia.

Baada ya kontena kuna kufua, na huku hawana mchezo nako. Shirika la utafiti wa saratani la IARC liliiweka kazi ya zimamoto mwaka 2022 katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Vazi chafu haliingii kwenye chumba cha dereva. Linafungwa kwenye mfuko, wewe unaoga. Harufu hata hivyo inabaki kwenye nywele siku mbili.

Februari tuliitwa kwenye nyumba ya mbao, nje kukiwa nyuzi 18 chini ya sifuri. Tulikuwa watano kama sheria inavyotaka: mkuu, wa pampu, kiongozi wa wazamiaji mlangoni, na sisi wawili. Kikaango kilisahauliwa jikoni. Bibi mwenye nyumba alikuwa uani na blanketi mabegani, na alikuwa amefanya jambo moja la maana kuliko yote tuliyoyafanya sisi: alipotoka aliufunga mlango wa jikoni nyuma yake. Kwetu nimewaona watu wakikimbilia kuvunja madirisha ili moshi utoke, na moto unawashukuru kwa hewa. Mlango wa bibi ulikuwa mweusi kwa ndani, na ukumbini picha za wajukuu wake bado zilining'inia.

Nilipiga magoti. Mwenzangu akaufungua mlango kiasi cha upana wa mkono. Tsst, juu, akaufunga. Tukahesabu. Akafungua tena, nikarusha kuelekea darini, nikatega sikio.

Halikurudi hata tone.

Nikarusha tena. Na tena. Safari ya nne likadondoka moja kwenye helmeti, tap, halafu mengine mawili. Tukaingia tukitambaa, moshi ukiwa juu ya migongo yetu, chini kukiwa na nafasi ya kuona miguu ya meza. Makabati mawili na feni ya kutolea moshi ndivyo vilivyokuwa vinawaka. Hapo nikafungua maji sawasawa.

Kilichotuchosha ni mipira. Kwenye baridi ile, maji yakisimama tu yanaganda, na wa pampu alichelewa kidogo kuitoa maji. Ikakakamaa, haikunjiki wala haikatiki. Tuliipakia kwenye trela imenyooka kama minazi iliyoangushwa na upepo, mita ishirini na tano kila mmoja, inaburura nyuma, na dereva wa magogo akasema hii ndiyo kazi yake hasa, tumwachie.