BEGIN na COMMIT peke yake haikulindii salio

Jamani hili jambo linaniuma kwa sababu naliona kila mara kwenye programu za watu wetu, za vikoba, za tiketi za basi, za mikopo, mtu anaandika vizuri anajaribu mwenyewe kwenye laptopu yake kila kitu sawa, halafu siku watu wawili wakigusa rekodi moja kwa pamoja hela inapotea na kwenye logi hakuna eraa hata moja.

Chukua akaunti ya mke na mume ina 10,000. Mke yuko Mbagala anatoa 7,000, mume yuko Kariakoo naye anatoa 7,000, sekunde ileile. Muamala wa kwanza unapiga SELECT (amri ya kusoma kwenye databesi) unakuta 10,000, wa pili nao unakuta 10,000, yote miwili inaona hela inatosha, inapiga hesabu kwenye programu, inaandika 3,000. Imetoka 14,000 na salio linasoma 3,000!

Sasa wengi wanasema aah mi nimeweka BEGIN na COMMIT, yaani amri za kuanza muamala na kuuthibitisha. Haitoshi. Databesi ya PostgreSQL (Postgres kwa kifupi) ukiiacha ilivyo inakaa kwenye levo ya READ COMMITTED, levo ni kiasi gani miamala inatenganishwa, na hiyo inakuzuia tu kusoma kitu ambacho mwenzio hajakikomiti, basi. Dawa yake nyepesi ni kuiachia databesi hesabu yenyewe:

UPDATE akaunti SET salio = salio - 7000 WHERE id = 5 AND salio >= 7000;

Hapo wa pili atasubiri loki (kufuli la rekodi) ya wa kwanza, akimaliza Postgres inaangalia sharti upya kwa salio jipya, inakuta 3,000, haigusi kitu. We unacheki tu rekodi ngapi zimebadilika, zikiwa 0 unamwambia mteja hela haitoshi. Kama hesabu ni ndefu na lazima usome kwanza, soma kwa SELECT ... FOR UPDATE, inayoifungia loki rekodi hapohapo unapoisoma.

Halafu usidanganyike na majina. Levo nyingine, REPEATABLE READ, ya Postgres itamkatalia yule wa pili kwa eraa 40001, ila kwenye databesi ya MySQL inayotumia InnoDB (injini yake ya kuhifadhi data), ambako ndiyo levo unayoikuta ukiwasha tu, ule mchezo wa kusoma kwa SELECT ya kawaida ukaandika 3,000 unapita kimyakimya. Hili watu wengi hawalijui kabisa.

Na loki nazo zina shida yake, huyu kashika akaunti 5 anaitaka 9, yule kashika 9 anaitaka 5, hakuna anayesogea, hiyo ndo dedloki. Postgres inasubiri sekunde 1 ndo inachunguza, ikiikuta inamuua mmoja kwa eraa 40P01. Ukihamisha hela shika loki kwa mpangilio mmoja siku zote, id ndogo kwanza, hata kama hela inatoka kwenye id kubwa. Na eraa hizo mbili, 40001 na 40P01, zikija rudia muamala mzima tangu kwenye kusoma, siyo ile UPDATE ya mwisho tu, maana salio ulilosoma mwanzo limeshapitwa.