Daktari wa zamu na hofu ya kupigwa

Daktari anayeingia zamu ya usiku akiwaza nani atamkunja shati huwa ameshachoka kabla ya mgonjwa wa kwanza. Shirika la Afya Duniani linakisia kuwa kati ya asilimia 8 na 38 ya wahudumu wa afya hupigwa wakati fulani wa maisha yao ya kazi, na wanaotukanwa na kutishwa ni wengi zaidi. Uchovu wa kazi shirika hilo linauelezea kwa mambo matatu: nguvu kwisha, moyo kujitenga na kazi, na kujiona huna ufanisi. La pili ndilo la kuangaliwa khasa. Mwenye hofu hukata maneno na hamtazami mtu usoni. Jamaa wa mgonjwa wanaona dharau, wanapandisha sauti, na hofu inazidi.

Mapokezi, hasira hukua pale watu wanapokaa bila ya kuambiwa kitu. Aliyekuja nyuma anaitwa mwanzo kwa kuwa anashindwa kupumua, na hakuna aliyewaeleza waliobaki kuwa foleni inafuata ukali wa maradhi. Muuguzi mmoja apite kila nusu saa aseme kinachongojewa, majibu ya damu au daktari wa upasuaji, hata kama hakuna jipya. Familia nayo itoe msemaji mmoja.

Habari ya kifo haitolewi ukumbini. Iwe chumba chenye viti, daktari na muuguzi pamoja, wote wawili upande wa mlango. Sema "amefariki"; ukisema "hali imebadilika" unawaachia matumaini yatakayogeuka hasira. Kisha nyamaza, waache walie. Wakitulia waambie mayiti atatolewa saa ngapi na kwa karatasi gani. Hapa Unguja na Pemba watu wanataka kuzika mapema, na karatasi iliyokwama kwa kukosa saini inatosha kuugeuza msiba ugomvi. Kwa hiyo saini hiyo itangulie mafaili mengine yote.

Chumba cha daktari nacho kipangwe: kiti chake kiwe karibu na mlango kuliko cha mgonjwa, mikasi na sindano ziwe kabatini, stethoskopu isining'inie shingoni. Mtu akikodoa macho, akinung'unika, akienda huku na huku, mwite mwenzio na urudi nyuma hatua mbili. Usimguse, wala usimuamrishe atulie. "Ndugu yangu, nieleze kinachokukera" hufanya kazi zaidi. Ukiona silaha, toka.

Aliyepigwa aondolewe kwenye zamu hiyo hiyo, atibiwe, achukue PF3 (fomu ya polisi ya aliyeumizwa), na aandike siku ile ile saa, mahali, maneno na mashahidi. Kumwambia avumilie ni kumuongezea mzigo.

Na chumba cha kupumzikia kiwe na komeo la ndani. Agosti 2024, Kolkata nchini India, daktari aliyekuwa masomoni aliuliwa hospitalini alipokwenda kupumzika kwenye ukumbi wa semina, katikati ya zamu ndefu. Komeo ni kazi ya fundi mmoja kwa muda mfupi. Uongozi usingoje bajeti ya mwakani.